Sanamaki: Tunawapa Wasioihitaji, Tunawanyima Wanaoihitaji

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa bado mgeni katika ubingwa wangu, nilimwandikia mofini ya maji mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokuwa imekwisha kufika kwenye mifupa ya nyonga. Alikuwa hajapata usingizi kamili kwa wiki tatu. Siku ya pili baada ya kuanza dawa, binti yake alinipigia simu kunishukuru: mama amelala, ameamka, ameomba uji. Niliikata simu nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Siku ya kumi na moja walimrudisha hospitali kwa bajaji. Alikuwa amejikunja, tumbo limevimba, anatapika, na maumivu ya zamani yamemrudia yote. Mofini alikuwa ameiacha mwenyewe siku tatu kabla. Nilipomwuliza sababu, aligeuza uso kutazama ukuta, akasema kwa sauti ya chini: “Mwanangu, maumivu nimeyazoea. Hili la kukosa choo siku nane limenishinda.”

Nilikisoma upya cheti nilichomwandikia. Mlikuwamo mofini, kipimo chake, saa za kunywa na tahadhari ya kusinzia. Dawa ya kulainisha choo haikuwamo. Kosa lilikuwa langu, wala halikuhitaji mashine wala fedha nyingi kuepukwa. Lilihitaji mstari mmoja wa wino.

Tulipokuwa tukimhudumia, mkwe wake alitoa mkobani kifuko cha majani makavu ya sanamaki. “Tulitaka kumpa,” alisema, “lakini tuliogopa daktari atatugombeza.”

Mwezi huohuo nililetewa msichana aliyekuwa akijiandaa kwa harusi yake. Kwa wiki sita alikunywa kila usiku chai aliyouziwa kuwa “ya kusafisha mwili na kupunguza tumbo”. Miguu ilikuwa haimbebi, moyo unapiga ovyoovyo, na kipimo cha damu kilionyesha potasiamu imeshuka kiasi cha kutishia uhai. Chai ile, alipotuletea pakiti yake, ilikuwa sanamaki.

Wagonjwa wawili, jani moja. Yule aliyelihitaji alinyimwa na daktari wake. Yule asiyelihitaji aliuziwa bila hata kuulizwa jina. Tangu wakati huo nimeona jambo hilo likijirudia mara nyingi mno kiasi cha kuniondolea dhana kwamba ni bahati mbaya. Ni kasoro katika namna tunavyoifikiria dawa hii, sisi wa hospitali na wao wa sokoni, na makala haya yanakusudia kuieleza.

Kichaka chenyewe

Sanamaki ni kichaka kidogo cha jamii ya mikunde, jamaa wa kunde, mbaazi na ukwaju. Kwa kawaida hakizidi kimo cha mtu. Maua yake ni ya njano, yamepangana juu ya kikonyo kimoja, na maganda ya mbegu zake ni bapa na membamba kama karatasi. Majani yake madogo yenye ncha huchumwa, hukaushwa, na ndiyo tunayoyaona kwenye magunia na pakiti Kariakoo, Darajani na kwenye maduka ya dawa za asili katika kila mji.

Wanasayansi hukiita Senna alexandrina, kwa kuwa shehena zilizokwenda Ulaya zilipitia bandari ya Alexandria nchini Misri. Sisi tuliupokea msamiati wa Kiarabu, sana makki, yaani sana ya Makka. Asili yake ni nchi kavu za Misri, Sudani, Somalia na Bara Arabu. Siku hizi India ndiyo mkulima wake mkubwa, hasa katika jimbo la Tamil Nadu.

Ni dawa kongwe. Matabibu wa Kiarabu wameiandika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na wasomaji Waislamu wanajua kwamba imetajwa katika hadithi. Katika mapokezi ya Tirmidhi, Asma binti Umays aliulizwa anatumia nini kulainisha tumbo. Alipotaja mmea mwingine aliambiwa kwamba huo ni mkali, kisha akatumia sana. Mimi si mwanachuoni wa dini, na sitafasiri nisichokisomea. Naona tu kwamba katika masimulizi hayo sanamaki iliingia mahali pa dawa kali zaidi. Anayeinywa hadi miguu ikamlegea asiseme kwamba ameipata tabia hiyo huko.

Wala si dawa ya mitishamba pekee. Mwaka 1941, nchini Uswisi, Arthur Stoll na wenzake walitenga viambata vyake vikuu, senosidi A na B. Leo vidonge vya senna vyenye miligramu 7.5 za senosidi vimo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Kwa hiyo mhudumu wa afya anayeikejeli sanamaki kuwa “majani ya sokoni” anakejeli dawa iliyomo katika orodha anayoiheshimu.

Inavyofanya kazi

Senosidi hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kufanya jambo kubwa. Hufika kwenye utumbo mpana, na huko bakteria wanaoishi humo huzivunja na kutoa kemikali inayouamsha utumbo usukume, na wakati huohuo kuuzuia usifyonze maji yote kutoka kwenye choo. Safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12. Ndiyo maana dawa hunywewa wakati wa kulala, ili choo kipatikane asubuhi. Asiyejua hilo hunywa kikombe cha kwanza, akaona saa mbili zimepita kimya, akaongeza cha pili na cha tatu. Alfajiri vyote vitatu humdai kwa pamoja.

Maelezo hayo mafupi yanatosha kuvunja uongo mmoja mkubwa. Chakula, yaani wanga, mafuta na protini, hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, baada ya nguvu ya chakula kuwa imekwisha kuingia mwilini. Anayeinywa ili apungue hapotezi mafuta. Hupoteza maji na chumvi za mwili, mizani ikashuka kilo moja au mbili, na akinywa maji kesho kilo hizo hurudi. Kisichorudi haraka ni potasiamu, ambayo misuli na moyo huitegemea. Agosti 2020 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliamua kupunguza ukubwa wa pakiti za dawa za aina hii zinazouzwa bila cheti, na kutaka ziwekwe onyo kwamba hazisaidii kupunguza uzito. Nchi hiyo haikuzipiga marufuku. Iliziweka mahali pake.

Tatizo la konzi

Kipimo cha kawaida cha mtu mzima kuanzia ni vidonge viwili vya miligramu 7.5, yaani miligramu 15, wakati wa kulala. Jani kavu lenye ubora lina takribani asilimia 2 hadi 3 ya senosidi na viambata jamaa zake. Gramu moja ya majani, basi, ina kama miligramu 20 hadi 30. Sasa chukua konzi moja ya majani, ambayo ikiwekwa kwenye mizani inaweza kufika gramu 10. Hapo pana miligramu 200 hadi 300, sawa na vidonge zaidi ya 25. Hata kama maji ya moto hayatoi yote, aliyekunywa sufuria ile amevuka mbali sana kipimo cha dawa.

Hapa ndipo ilipo tofauti baina ya duka la dawa na gunia la sokoni. Dawa ni ileile; mizani ndiyo inayokosekana. Jani la mwaka huu si sawa na la mwaka jana, la juu ya gunia si sawa na vumbi la chini, na mkono wa muuzaji si sawa na wa mnunuzi.

Nitaje hatari nyingine tatu ambazo nimekutana nazo au ambazo kila mhudumu anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni tumbo linalouma bila sababu kujulikana. Mtu mwenye kidoletumbo kilichovimba, au utumbo ulioziba, huhisi tumbo limejaa na hudhani ni choo. Akinywa sanamaki analazimisha utumbo usukume dhidi ya mlango uliofungwa. Maumivu makali, homa, kutapika au tumbo kuwa gumu kama ubao ni safari ya hospitali, si ya jikoni.

Ya pili ni dawa nyingine. Anayetumia digoksini kwa ajili ya moyo, au frusemidi kwa ajili ya kukojoa maji ya ziada, anaweza kushuka potasiamu kwa haraka, na digoksini ikawa sumu kwake kwa kipimo kilekile alichokizoea.

Ya tatu ni watoto. Sanamaki kwa mtoto mchanga au anayevaa nepi si jambo la nyumbani. Choo chenye dawa hii kikigandana na ngozi huweza kuichubua makalio hadi malengelenge, mithili ya kuungua. Kadhalika tusiwatume watoto wakachume “mikunde ya maua ya njano” kando ya barabara kwa kuwa inafanana na sanamaki. Huko magharibi mwa Uttar Pradesh, India, vifo vya watoto vilivyokuwa fumbo kwa miaka mingi vilihusishwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, na kula mbegu za jamaa wa karibu wa mmea huu, Senna occidentalis, ambao huota ovyo majalalani na vichakani, hata katika nchi zetu.

Wale tunaowanyima

Ningeweza kuishia hapo, na makala yangekuwa moja zaidi ya yale yanayowaonya watu dhidi ya dawa za sokoni. Lakini nusu ya pili ya kosa ni yetu sisi wenye makoti meupe, na kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi.

Mofini hutuliza maumivu kwa kushika vipokezi maalumu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Vipokezi vya aina hiyohiyo vimejaa katika neva za utumbo. Mofini ikivishika, utumbo hupunguza mwendo, choo hukaa mno, maji hufyonzwa na choo kikawa kama jiwe. Kichefuchefu na usingizi wa mofini hupungua baada ya siku chache kwa sababu mwili huzoea. Utumbo hauzoei. Madhali mgonjwa anakunywa mofini, kila siku choo chake kiko hatarini, iwe siku ya tano au ya mia mbili.

Hili linajulikana, limeandikwa katika miongozo yote ya tiba shufaa, na bado hutusahaulika. Sababu mojawapo ni aibu. Mgonjwa huona haya kumtajia daktari kijana habari za choo, na daktari huona swali hilo ni la muuguzi, na muuguzi hudhani daktari ameshauliza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika wodi zetu uchi huu tunauficha pande zote mbili.

Sababu ya pili ni kwamba tatizo hujigeuza sura. Choo kigumu kikiziba njia, majimaji hupenya pembeni yake na kutoka. Ndugu huripoti kwamba mgonjwa anaharisha. Mhudumu asiyepima kwa kidole huandika dawa ya kuzuia kuharisha, na kuziba juu ya kuziba. Mgonjwa wa mofini “anayeharisha” kidogo kidogo achunguzwe kwanza kama amefunga choo.

Sababu ya tatu ni mafundisho nusu. Tunamwambia mgonjwa ale matunda na mboga na anywe maji. Ni ushauri mwema kwa mtu mzima wa afya. Kwa anayekunywa mofini, asiyekuwa na hamu ya kula na anayekunywa vikombe viwili vya maji kwa siku, ushauri huo peke yake hautoshi, na pumba nyingi bila maji zinaweza kumzidishia. Anahitaji dawa inayousukuma utumbo, na senna ni miongoni mwa zile zinazojulikana vyema kwa kazi hiyo. Isipopatikana, bisakodili hufanya kazi ya namna hiyo, na laktulosi huweza kuongezwa ili kulainisha.

Wapo wenzangu wanaohofu kwamba utumbo “utazoea” na kuwa mvivu milele. Hofu hiyo ni ya zamani, na ushahidi wake kwa vipimo vya kawaida ni dhaifu. Weusi unaoonekana ndani ya utumbo wa waliotumia dawa hii kwa muda mrefu hufifia wakiacha, na peke yake hauna madhara. Kwa msichana wa harusi, wiki sita zilikuwa nyingi mno kwa sababu hakuwa na ugonjwa. Kwa mama wa mofini, miezi sita si mingi, kwa sababu kinachomfungia choo bado anakinywa kila baada ya saa nne. Muda wa dawa hupimwa kwa haja ya mgonjwa.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa mofini inawafikia watu wengi kuliko zamani. Nchini Uganda, kazi iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman kupitia Hospice Africa Uganda mwaka 1993 ilifungua njia, na tangu mwaka 2004 sheria ya huko inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini. Kwetu Tanzania, dawa ambayo wengi waliijua kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikifika pia hospitali za mikoani. Ni ushindi. Lakini kila chupa ya mofini inayotoka bila mwenzake ni chupa ambayo mgonjwa anaweza kuiacha kabatini, na tukaandika kwenye jalada kwamba “hakufuata masharti”.

Ninachoomba

Kwa wenzangu wanaoandika dawa: mofini na dawa ya choo ziandikwe kwenye cheti kimoja, siku moja, kwa mkono mmoja, kabla choo hakijafunga, isipokuwa pale ambapo mgonjwa anaharisha kweli au utumbo umeziba. Mfamasia akikuta mofini peke yake, amrudie mwandishi. Kwa wauguzi wanaotembelea wagonjwa majumbani: swali la maumivu likiulizwa, la choo liulizwe mara moja baada yake, kwa lugha ya wazi, na jibu liandikwe kwa tarehe. Siku tatu bila choo ni taarifa ya kuchukuliwa hatua.

Vilevile tuache kuwagombeza wanaokuja na kifuko cha majani. Ukimkaripia, ataendelea kunywa na ataacha kukuambia. Muulize: ni majani gani, kiasi gani, tangu lini, na pamoja na dawa zipi. Kisha mhamishie kwenye kidonge chenye kipimo.

Kwa wauzaji: uzeni kwa mizani, andikeni jina la mmea na tahadhari, na msiuze kama dawa ya kupunguza mwili. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lina uwezo wa kuanzia hapo. Pakiti iliyoandikwa “chai ya kusafisha mwili” bila kutaja sanamaki haipaswi kuwa rafuni.

Kwa wagonjwa na ndugu zao: asiye na tatizo la choo hahitaji sanamaki, tumbo halina uchafu wa miaka unaosubiri kusafishwa. Mwenye choo kigumu cha kawaida aanze na maji, matunda, mboga na kutembea, na akitumia sanamaki isizidi wiki moja bila kumwona mhudumu. Mjamzito na mzee mwenye dawa nyingi waulize kwanza. Mkojo ukibadilika kuwa wa njano iliyokolea au mwekundu wa kahawia wakati wa kutumia, huenda ni rangi ya dawa, ila mwambie mhudumu. Na kama unakunywa mofini au dawa ya jamii yake na hukuandikiwa dawa ya choo, rudi ukaidai. Ni haki yako, na daktari muungwana hatakasirika.

Yule mama tulimpima, tukahakikisha utumbo haukuwa umezibwa na uvimbe, tukamtoa choo kwa enema, kazi iliyochukua siku mbili na iliyomdhalilisha kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha alirudi kwenye mofini, safari hii pamoja na vidonge viwili vya senna kila usiku, baadaye vitatu. Aliishi miezi minne zaidi, nyumbani kwake. Binti yake aliniletea daftari la shule alilokuwa akiandikia: safu moja ya maumivu, safu moja ya choo, kila siku kwa kalamu ya bluu. Safu ile ya pili ndiyo niliyoisahau kwenye cheti changu. Tangu hapo, kila ninapoandika mofini, naiandika dawa ya choo kwanza.